Mnaoniuliza Kama Mabembea Panafaa

Siku ya kwanza kufika Mabembea nilikata tiketi ya kuteleza kwenye maji, na shida yangu ilikuwa kuomba kazi ya upishi.

Msicheke kabla sijamaliza. Niliona geti moja tu, lile kubwa lenye sanamu ya kiboko anayekenua meno, mbele yake foleni ya watu na watoto wao, nami nikajipanga kama mtu mwenye akili timamu. Hakuna aliyeniambia kwamba maduka na migahawa iko upande wa nje wa geti, kwamba huko mtu anaingia bure kama anavyoingia sokoni Ipinda, na kwamba tiketi ni ya wanaotaka michezo. Nilipokuja kujua, nimeshafungwa utepe wa karatasi mkononi na kijana wa dirishani amesema pesa ikishaingia hairudi. Sikukubali ipotee bure. Nilipanda ngazi za lile bomba la bluu na suruali yangu ya kanisani, vyeti nimevifunga kwenye nailoni na kuvibana kwapani, nikateleza. Ofisini niliingia nikichuruzika. Meneja, mtu wa kuja, mpole, aliniuliza kama nimetokea ziwani. Nikamjibu ndiyo, maana jibu la kweli lilikuwa refu na la aibu zaidi.

Kazi nilipata. Nadhani alinihurumia.

Naanza na hilo kwa sababu ninyi vijana hamniachi nipite. Nikienda dukani mnanisimamisha, nikitoka kanisani mnanisimamisha, mnataka kujua kama Mabembea panafaa kwenda, kama nauli inalipa, kama mtu anaweza kumpeleka mchumba pale bila kuaibika. Mnauliza kama vile mimi ni balozi wa pale. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Mbeya mjini nimekwenda mara za kuhesabika, na kila mara nimerudi kichwa kinagonga. Kidato cha nne nilimaliza, na matokeo yangu mwalimu aliyasoma kwa sauti ya chini ili kunisitiri. Kitu ninachokijua ni jiko. Basi nitawajibu kwa njia ya jikoni, na mkiona nazunguka sana, vumilieni. Nina sababu ya kuzunguka.

Mabembea si jina lake. Jina lake liko kwenye kibao kwa herufi za kung'aa, nasi hatulitumii. Ukiliacha geti la kiboko mkono wa kulia, unaingia kwenye njia iliyotandazwa vigae, maduka upande huu, migahawa upande ule, katikati meza za chuma na viti vyake, na mwisho wa njia ni ziwa. Duka la kwanza linauza kofia na nguo za kuogelea. La pili linauza chokoleti, na hapo ndipo mtoto wa mkulima wa kokoa anaposimama mdomo wazi, maana zile mbegu alizozianika mbele ya mlango wa kwao amezikuta zimevaa karatasi ya dhahabu na bei ambayo baba yake hajawahi kuitamka. La tatu linauza vyungu vya Wakisi. Ni vyungu vya kweli, vimefinyangwa na akina mama wa hapa hapa ziwani, ila vimetobolewa chini ili vikae maua au taa. Mama mmoja wa Kikisi alifika, akakinyanyua chungu alichokifinyanga mwenyewe, akachungulia kile kitundu, kisha akaja kuniuliza mimi mpishi chungu chake kilikosa nini hata wakakifanyia vile. Nilimpa chai.

Chakula sasa. Nendeni siku ya kazi. Jumamosi mtakula mmesimama. Kaeni meza za mwisho, upande wa ziwa, moshi wa vikaango hauwafikii. Agizeni usipa, dagaa wa ziwa letu, wa kukaanga, au samaki mbasa kama boti zimeingia asubuhi. Kuku msiagize. Anatoka mbali, na amechoka kuliko ninyi. Wali wa pale ni mzuri. Ulikuwa mzuri kabla yangu na uko mzuri baada yangu, inaniuma kidogo kulisema hilo lakini ndivyo ilivyo.

Wali nilifundishwa na Bibi Subilaga, mpishi mkuu wa shule ya bweni nilikoanzia kazi, enzi hizo nikiwa na mabega. Alikuwa mfupi, na alipika kwenye masufuria ambayo angeweza kuogea ndani yake. Kosa langu lilikuwa kufunua. Kila dakika nafunua kifuniko nione wali umefika wapi. Siku moja akanishika sikio, kwa vidole viwili hivi, akaniinamisha hadi karibu na sufuria, akaniambia nisikilize. Maji yakiwa mengi yanabubujika, yakipungua yanatoa sauti kama ya mtu anayenong'ona, na yakikata kabisa sufuria inanyamaza. Hapo ndipo unapunguza moto wa chini na kupalia makaa juu ya kifuniko, halafu unaondoka, unakwenda kufanya kazi nyingine, kwa sababu ukibaki utafunua. Alikuwa ananituma kuchota maji yasiyohitajika ili tu niwe mbali na sufuria. Mpaka leo nikipalia wali miguu yangu inataka kwenda kisimani.

Mabembea nilikuta gesi. Nikagoma. Nikamwambia meneja kwamba mchele wa Kyela hauwezi kuivishwa na moto usio na majivu. Hakubishana, akaniambia nipike sufuria mbili, moja kwa mkaa moja kwa gesi, wahudumu waonje. Wa mkaa nilikuwa nautazama kwa mapenzi mengi mno, ukashika chini. Wa gesi ukatoka punje moja moja. Ule ukoko niliula mwenyewe nyuma ya jengo, na ubishi ukaishia hapo.

Kilichonishinda pale kilikuwa jiko la wazi. Zamani mpishi alikaa nyuma, mteja akaona sahani tu. Pale wametengeneza jiko mbele ya meza, bila ukuta, mteja anakutazama unavyopindua samaki kama vile yuko kwenye sinema. Na hapa lazima niwaeleze jambo ambalo wengi wenu mmelilegeza. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mwanao hamtazamani usoni. Hapiti mbele yako, hali mbele yako, jina lako halitaji, nawe ukimwona anakuja unabadili njia. Wazee waliita kutila, kuogopa kwa heshima. Siku hizi kwenye basi na kanisani watu wanafumba jicho moja, lakini kwangu tulishika. Si kwa ukali. Kwa mazoea tu, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Sasa mwanangu Lusajo, mtoto wangu wa pekee, alikuwa ameoa karibuni, binti wa kule Njisi, Atupele. Akataka kumwonyesha mkewe mahali baba yake anapofanya kazi. Hakunitaarifu. Mimi niko na mbasa wawili kwenye kikaango, nainua macho, namwona Lusajo anatabasamu na pembeni yake kitenge cha kijani. Nilipiga magoti nyuma ya friji. Nikakaa hapo. Meneja akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama nadaiwa na yule kijana. Nikamwambia ni mwanangu. Akauliza kama nimegombana na mwanangu. Nikamwambia hapana, tunapendana sana. Aliniacha na friji yangu. Mbasa wakaungua mkia na kichwa, na mhudumu, ambaye hakujua lolote, akawapeleka meza ya Lusajo.

Atupele alimla yule samaki. Baadaye Lusajo aliniambia alimla hadi mifupa, akisema huenda ndivyo baba anavyopenda.

Waliishi nyumba ya nyuma, mimi ya mbele, katikati migomba. Mama Lusajo alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mingi kabla, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kutupitishia maneno isipokuwa Lusajo, na baadaye Tumpe, binti yao. Nikitaka kwenda kisimani nilikohoa kwenye kona. Nikasikia kandambili zinakwenda haraka, nikangoja, nikapita. Miaka yote hiyo, mngeniambia nimchore mkwe wangu ningechora kisigino na upindo wa kitenge.

Magoti yaliponishinda nikastaafu, chakula changu kikawa kinatoka nyumba ya nyuma mikononi mwa Tumpe. Siku za mwanzo nilikula nikanyamaza. Kisha ubaya wa wapishi ukanishika, nikamtuma mtoto akaseme wali haukupaliwa. Tumpe akaenda, akarudi, akasimama wima kama anasoma shairi shuleni, akasema mama anasema mpishi wa Mabembea aache kwanza kuunguza mbasa ndipo afundishe watu.

Nilicheka peke yangu pale barazani hadi jirani akachungulia.

Hapo ndipo tulipoanza. Nilimtuma Tumpe na habari ya kusikiliza sufuria. Kesho yake wali ulikuja mzuri zaidi, na swali: je, mchele mpya wa mavuno nao ni hivyo hivyo? Nikajibu mpya unataka maji machache. Likaja la usipa, jinsi ya kuwakausha wasinuke. Likaja la ndizi za nyama. Nilimfundisha kazi yangu yote kwa mdomo wa mtoto, kijiko baada ya kijiko, na yeye alinirudishia kwenye sahani, na utani juu yake. Bibi Subilaga alikuwa na mwanafunzi mmoja wa kweli, mimi. Na mimi nilikuwa na mmoja, ambaye uso wake siujui.

Lusajo aliondoka mwaka jana, mvua kubwa zilipoanza. Aliumwa siku chache tu. Tulidhani ni homa kama homa zote. Kwenye msiba wanawake walikuwa ndani na Atupele, sisi nje chini ya turubai. Nilimsikia akilia, sauti yake naijua kati ya sauti zote, na nadhani naye alinisikia mimi. Kati yetu kulikuwa na ukuta na watu wengi. Hakuna aliyeniambia jinsi baba mkwe anavyompa pole mkwe wake.

Chakula kiliendelea kuja. Utani ulikoma, kisha baada ya miezi ukarudi kidogo, mmoja kwa wiki, kama mtu anayejifunza kutembea.

Halafu kaka zake wakaja kutoka Njisi. Watu wenye adabu. Walikaa, wakala, wakasema dada yao bado kijana, nyumbani kwao yupo shangazi mwenye mgahawa anayetafuta mtu wa jikoni, lakini hawakuja kumvuta. Atakachosema yeye ndicho. Nikawajibu vizuri. Walipomuuliza, alisema wampe muda. Wiki zikapita. Nilikula nikisikiliza kila sahani kama ina jibu.

Siku moja Tumpe akaja na ujumbe kwamba mama anataka twende wote watatu Mabembea, siku ya kazi, tukale. Nikarudisha maneno kwamba pale hakuna jipya, napajua kama kiganja changu, na magoti yanauma. Mtoto akaenda akarudi: mama anasema twende. Basi. Jibu halikuwa na utani ndani yake, na mtu aliyekuwa amekula chakula cha yule binti miaka yote ile angepaswa kulisikia hilo. Mimi nilidhani mtoto ametamani chokoleti.

Tulifika watu wakiwa wachache. Atupele ndiye aliyechagua mahali, meza za mwisho upande wa ziwa. Alimketisha Tumpe karibu yangu, nami nikakaa nikitazama maji. Yeye akakaa meza ya nyuma yetu, akitazama maduka. Viti vyetu viligeuziana migongo. Mmoja wetu angeegemea tungegusana. Watu walipita wakitusogelea na kutuacha bila kututazama mara mbili. Kijijini kwetu, jambo kama lile lingefika kanisani kabla yetu. Pale ni mzee na mjukuu wake kwenye meza yao, na mwanamke mmoja kwenye meza yake.

Tukaagiza. Kisha Atupele akamtuma Tumpe kwenda kuangalia duka la chokoleti, asirudi haraka. Mtoto akaondoka. Nikashika glasi ya maji nipate kitu cha kushika.

"Tata," alisema.

Aliongea na mimi. Si na mtoto kuhusu mimi. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka, ikitokea nyuma ya bega langu.

"Tata, nikae au niende?"

Vijana, mimi nimesimama mbele ya majiko makubwa. Nimepika harusi ambayo mchele uliisha kabla ya wageni. Sijawahi kuwa na moto mbele yangu kama ule. Nilitazama ziwa. Nikawaza kwamba nikisema kaa, huyu binti atakaa, kwa sababu ana adabu. Atakaa anichotee maji, anipikie, aninyanyue nitakaposhindwa kunyanyuka, na siku nitakapomfuata mwanangu ataachwa na migomba yangu na umri ambao hauna mchumba. Nikawaza kwamba nikisema nenda, ataamini namfukuza. Na chini ya mawazo hayo yote mazuri ya kizee kulikuwa na neno moja dogo linasukuma, nami nikalikalia. Mhudumu akaleta samaki akawaweka mezani. Nikangoja aondoke.

Nikamwambia, "Wewe bado kijana, mwanangu. Fanya unavyoona wewe." Kisha, Mungu anisamehe, nikaongeza kwamba samaki amekaangwa vizuri.

Nikasikia amevuta pumzi.

"Ndaga, tata," akasema. Asante, baba.

Tumpe akarudi na mikono mitupu na maelezo marefu ya bei. Tukala. Ilikuwa mara ya kwanza Atupele kula nikiwa karibu. Nilisikia anavyoweka mifupa kando ya sahani, mmoja mmoja, taratibu, mtu asiye na njaa. Katikati ya chakula mkono ulikuja pembeni ya bega langu ukaniwekea kipande cha limau kwenye sahani. Ndipo nikauona. Mkono mwembamba, na kwenye kidole gumba una kovu la moto, kama wapishi wote. Nina langu mahali hapo hapo. Nilikamua lile limau mpaka likabaki ganda.

Jumamosi kaka zake walikuja na pikapu ya kukodi. Tumpe alinikumbatia magotini, akaniuliza sasa nani atapeleka maneno, na nilimwambia nitampigia simu, kitu ambacho nimekifanya. Mama yake anaposhika simu tunaongea habari za mtoto na za mvua. Vitu vyao vilipakiwa upande wa nyuma. Nilibaki mbele, nikakohoa nyuma ya kona ili ajue nipo. Kandambili zilisimama. Zilisimama muda mrefu. Kisha mlango wa gari ukafungwa.

Sasa mnataka jibu la swali lenu. Mabembea panafaa. Nendeni. Maduka yapitieni macho tu, vyungu kanunueni kwa akina mama wenyewe ufukweni, vile visivyo na kitundu. Pandeni bembea moja kama lazima. Lakini meza za mwisho upande wa ziwa zinafaa nauli yote, na ukikaa pale na mtu ambaye nyumbani huwezi kukaa naye, jua amekuleta kwa sababu. Msiagize kwanza. Mwacheni aongee.

Nilipofika hapa katika kuandika, alipita Mama Ambwene. Ni jirani yangu wa upande wa barabarani, anauza ndizi, na hajawahi kulifunga neno lolote kwenye majani kabla ya kulitoa. Alinikuta na kalamu mkononi, jiko limezima, sufuria ina mchele mbichi. Akauliza naandika nini. Nikamsomea yote, tangu kiboko hadi pikapu. Alisikiliza akiwa amesimama, sinia kichwani, hakucheka penye kuchekesha. Nilipomaliza nikamwambia, kama mtu anayejitetea, kwamba mila zetu ni nzito, mimi baba mkwe ningesema nini pale.

Akashusha sinia, akaniwekea ndizi tatu barazani, akalipandisha tena kichwani.

"Baba Lusajo, mila ilikukataza kumwangalia. Kumwambia akae hakuna aliyekukataza. Haya, pika ule peke yako."